Shajara ya mradi: chumba baridi cha mwaloni Igombe, na joto lake tulipeleke wapi

Februari, kabla ya mvua

Naanza kuandika hii shajara ili kila tunachofanya kwenye chumba baridi cha mwaloni hapa Igombe, pale mitumbwi inaposhusha samaki, kiwe na kumbukumbu, maana tumeshabishana sana kwa mdomo na namba zinapotea. Kwa asiyetujua, sisi ni mafundi majokofu pamoja na wavuvi wa huku Ilemela, Mwanza, tuna chumba kimoja cha kutunzia sangara na sato wakati wanasubiri gari la kiwandani au la mjini. Kinatakiwa kikae kati ya nyuzi 0 na 2. Kompresa inakula kama kilowati 2 na inatoa ubaridi wa kilowati 5 hivi, hapo ni siku ikiwa na hali nzuri, na mchana haina hali nzuri hata kidogo.

Kondensa, yaani sehemu inayotupa joto nje, imekaa nyuma ya chumba, juu bati, mbele ukuta wa jirani, kwahiyo feni inavuta hewa ileile iliyoipasha yenyewe muda si mrefu. Saa nane mchana nimening'iniza kipimajoto pale, hewa inayoingia ni nyuzi 34 wakati kivulini nje ni 29. Geji ya presha kubwa inasoma psi 290, gesi yetu ni R404A, maana yake gesi inageuka kuwa kimiminika kwenye nyuzi 46. Upande wa ndani inachemka kwenye -8. Hapo kompresa inapandisha joto nyuzi 54 mchana kutwa na LUKU inaisha tu.

Wazo tulilonalo limetoka nchi za baridi. Friji na pampu ya joto ni mashine moja, zote zinabeba joto huku zinalipeleka kule, kinachotofautiana ni upande gani wewe unautaka. Sweden, Ujerumani, Canada watu wanapasha nyumba kwa kuchimba kisima chembamba, mita 100 mpaka 200 hivi, wanateremsha bomba la plastiki lililokunjwa umbo la U, humo yanazunguka maji yenye dawa ya kuzuia yasigande, yanaokota joto la mwamba, mashine inalipandisha mpaka linatosha kupasha sakafu na maji ya kuoga. Nje inaweza kuwa -20 na mwamba kule chini wala hauna habari, unakaa karibu na wastani wa hewa wa mwaka mzima wa mahali pale. Sisi tunataka kinyume chake, mwamba upokee joto tunalolitoa kwa samaki. Na kwa mwamba Mwanza hatujambo, jiji zima limekaa juu ya mawe.

Februari, mwishoni. Namba za watu wa baridi

Nimezisoma sana hizi namba usiku, kwa sababu sitaki tuchimbe shimo la mamilioni kwa kusikia tu.

Kipimo kikubwa ni COP, yaani kwa uniti moja ya umeme umehamisha uniti ngapi za joto. Ukipima mwaka mzima badala ya saa moja wanaita SPF, na hiyo ndo namba ya kweli kwa sababu mwaka una siku mbaya na siku nzuri. Ujerumani, taasisi ya Fraunhofer ilifuatilia nyumba mpya mpaka 2010, pampu za ardhini zikatoka na wastani wa 3.9, zile za hewa 2.9. Uingereza mwaka huohuo wa 2010 Energy Saving Trust wakatoa majaribio yao, za ardhini nyingi zikaangukia kati ya 2.3 na 2.5. Sasa jiulize, mashine zinatoka kwenye viwanda vinavyofanana, ardhi ya Uingereza haina baridi kuliko ya Ujerumani, hiyo tofauti imetoka wapi? Imetoka kwenye ufungaji. Pampu ya kuzungusha maji kubwa kuliko inavyohitajika na inawaka masaa 24, mfumo wa ndani unaodai maji ya moto sana wakati ungeweza kuridhika na ya uvuguvugu, kisima kifupi, hita ya umeme ya akiba inayojiwasha na mwenye nyumba hajui.

Halafu kuna kupimia mahali pa kujipendelea. Mradi mmoja wa Ulaya, SEPEMO, uligawa mipaka minne, H1 mpaka H4, ambapo H1 unahesabu mashine peke yake na H4 unahesabu kila kinachokula umeme mpaka feni na pampu za ndani. Mfumo uleule ukiutaja kwa H1 unapendeza, ukiutaja kwa H4 unanywea. Kwahiyo tumekubaliana hapa kwetu mita moja inapima chumba chote, kompresa, feni, pampu, hadi taa ya ndani, na hiyo ndo namba itakayoandikwa humu.

Ila lililonishika kabisa ni hesabu ya joto la ardhi yenyewe. Nyumba ya sehemu yenye baridi kali, mfano Harbin kule kaskazini mwa China, inachota joto ardhini miezi mingi ya mwaka na kiangazi inarudisha kidogo tu kwa kupoza vyumba. Ardhi ni kama ghala, ukichota magunia mengi kuliko unayorudisha kila msimu, siku moja utakuta sakafu. Mwamba unazidi kupoa mwaka hadi mwaka, maji yanayorudi kwenye mashine yanazidi kuwa ya baridi, kompresa inapandisha joto kutoka chini zaidi, COP inashuka. Fairbanks, Alaska, walifunga pampu 2013 kwenye udongo uliokaribiana na barafu ya kudumu, makusudi waone udongo utafanyaje, na ufanisi ukaanza kushuka miaka ya mwanzo tu. Wanaojua dawa yake wanarudisha joto kiangazi. Okotoks, jimbo la Alberta huko Canada, nyumba 52 za Drake Landing zilikusanya jua la kiangazi zikalishindilia kwenye visima 144, ardhi ikawa inafika karibu nyuzi 80, halafu baridi ikija walikuwa wanalitoa.

Sasa sisi. Chumba chetu hakina kiangazi na hakina baridi. Kinatupa joto Januari, kinatupa Julai, kinatupa Krismasi. Hatuchoti hata siku moja. Kama wao ghala linakauka, letu litafurika, na hilo nimewaambia wenzangu kabla hata hatujagusa kitu. Mwenzangu mmoja anasema mwamba ni mkubwa, hautahisi kilowati 7 zetu, yaani 5 za samaki na 2 za kompresa. Inabidi tupime tu.

Machi. Kuuliza mwamba

Kuna mzee hapa juu kidogo ya mwalo ana kisima alichochimbiwa zamani, mita 90, mwamba mtupu, maji yakatoka kidogo mno hata tenki halijai. Tulienda kumsalimia, shikamoo mzee, marahaba, tukamweleza tunataka kushusha bomba kwenye kisima chake tukipashe moto siku kadhaa. Akacheka akasema, "Wanangu, hicho kisima kimenila ng'ombe wawili, kama kuna faida yoyote itatoka humo chukueni." Wabeja sana mzee.

Kipimo chenyewe kinaitwa kipimo cha mwitiko wa joto. Wazo lilitolewa na mtafiti Mogensen mwaka 1983, halafu miaka ya tisini wakatengeneza mitambo ya kubebeka, Luleå kule Sweden na Oklahoma kule Marekani. Mtambo wetu ni wa kuungaunga lakini kanuni ni ileile: bomba jeusi la plastiki ngumu (HDPE) la milimita 32 limekunjwa U, chini limefungwa nondo na kipande cha chuma cha kulivuta, linashuka mpaka chini, maji yaliyopo kisimani yenyewe yanajaza nafasi kati ya bomba na mwamba. Sweden nao kwenye mwamba mgumu wanaacha kisima na maji yake hivyohivyo. Juu kuna pampu ndogo, tenki lililofungwa sufi, hita ya kilowati 4.5, sensa ya maji yanayoingia na sensa ya yanayotoka, loga inaandika kila dakika.

Kwanza unazungusha maji bila kuwasha hita, upate joto la mwamba kabla haujasumbuliwa. Ilitulia kwenye 25.4. Nilitegemea hivyo, wastani wa hewa ya Mwanza uko 23 na kitu, ardhi ya juani inazidi kidogo.

Tukawasha hita. Usiku wa pili umeme ukakatika. Hapa ndo watu wengi wanajidanganya, wanasubiri umeme urudi wanaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea, lakini hesabu yote inategemea joto liingie bila kukatika, ukikatisha, mwamba unaanza kupoa na mstari unavurugika. Unatakiwa uache kila kitu mpaka mwamba urudi 25 na kitu halafu uanze upya. Tukaacha, tukatafuta jenereta ya kukodi, na kijana mmoja akalala palepale na dumu la mafuta, huku mvua za masika zinaanza kupiga turubai.

Safari hii ikatoka safi. Masaa ya mwanzo huyahesabu, hayo ni bomba na maji tu vinapashana. Kuanzia saa ya 12 mpaka saa ya 60, wastani wa maji yanayoingia na yanayotoka ulipanda nyuzi 2.06. Ukichora joto dhidi ya logi ya muda unapata mstari ulionyooka, na mwinuko wa mstari huo ndo unakuambia mwamba unapitisha joto kiasi gani: wati 4,500 gawanya kwa mita 90, gawanya kwa 4 mara pai, gawanya kwa mwinuko. Imetoka 3.1, wati kwa mita kwa nyuzi moja. Huo ni mwamba mzuri, graniti hasa, maji matupu yana 0.6 na mchanga mkavu haufiki hata nusu. Nilifurahi sana siku hiyo, nakubali. Mzee akaja akashika bomba linalorudi kutoka chini, akaliacha haraka, akasema, "Mbona limekuwa la moto hivi, mnalipeleka wapi hili joto lote?" Na hilo ndo swali lenyewe.

Aprili. Hesabu ya mwaka mzima

Mwamba mzuri hautoshi. Nimefanya hesabu ifuatayo mara nyingi na kwa njia tofauti, ukitaka uirudie mwenyewe.

Chumba kinatupa kilowati 7, yaani 5 za samaki na 2 za kompresa. Kinawaka kama masaa 15 kwa siku. Kwa mwaka hiyo ni zaidi ya uniti 38,000 za joto, zote zinaingia, hakuna inayotoka. Tuseme tuchimbe mita 140, ambayo kwa wati 50 kwa mita ndo saizi ambayo fundi wa Ulaya angeanza nayo kwa nyumba. Ukilisawazisha joto kwa masaa 24 linakuwa wati 31 kwa kila mita ya kisima, usiku na mchana.

Mwezi wa kwanza ukuta wa kisima unakuwa umepanda nyuzi 6. Mwisho wa mwaka 8. Baada ya miaka 10 karibu 10. Ona kwamba sehemu kubwa ya hasara inakuja mapema, mwezi wa kwanza tu, halafu inatambaa polepole. Ongeza nyuzi 4 za joto kupita kutoka kwenye maji kwenda kwenye ukuta wa kisima mashine ikiwa inawaka. Anza na 25.4, jumlisha 8, jumlisha 4, maji yanazunguka kwenye 37 au 38, na kondensa inatakiwa ikae juu ya hapo, 43 hivi. Leo kwa hewa ya chini ya bati tuko 46.

Yaani tunachimba mita 140 za graniti kwa ajili ya nyuzi 3. Na usiku mambo yanageuka kabisa, hewa ya Mwanza usiku inashuka mpaka 20 na chini yake, kondensa ya hewa ikiwa mahali pazuri ingekaa 33 bila kisima chochote, wakati kisima bado kina joto la mchana na la jana na la mwezi uliopita. Ili mwamba ubaki chini ya 30 tungehitaji kuzidisha urefu mara kadhaa, tena visima vikiwa mbalimbali visipashane. Hela hiyo hatuna, na hata tungekuwa nayo ningeipinga.

Nimemuonyesha mwenzangu aliyekuwa anasema mwamba hautahisi. Ameangalia karatasi muda mrefu akasema basi kaka, kisima hapana. Tuliamua hivyo siku hiyohiyo. Kisima kinafanya kazi Sweden kwa sababu nyumba ya Sweden inapumzika, na wabunifu wake wanajua inachota kiasi gani na wanaacha nafasi ya kutosha, chumba cha samaki hakipumziki.

Aprili, mvua. Mama wa dagaa

Hii sikuitegemea. Nilikuwa nimekaa nje ya chumba na makaratasi, mama mmoja anayeanika dagaa pale mwaloni akauliza kwanini hiyo feni yetu inatupa hewa kavu ukutani wakati dagaa zake zinaoza kwenye chanja. Nikamwambia mama, hewa hii haina moto wa kukausha, ni ya vuguvugu tu. Akanijibu, "Mwanangu, mimi sitaki moto. Dagaa ukizipiga moto zinaiva, zinavunjika. Mimi nataka upepo mkavu."

Nimeenda kuangalia jedwali la unyevu, mama yuko sahihi kabisa. Hewa ya asubuhi ya mvua, nyuzi 22 na unyevu asilimia 90, haikaushi kitu. Ipashe nyuzi 10 tu, ifike 32, bila kuongeza wala kupunguza tone la maji, unyevu wake unashuka mpaka kama asilimia 50. Hiyo ni hewa ya siku ya jua. Na kilowati 7 zetu zinaweza kupasha hivyo zaidi ya nusu mita ya ujazo ya hewa kila sekunde. Kugeuza kilo moja ya maji kuwa mvuke kunataka kilojuli 2,400 na kitu, kwahiyo kama kila kitu kingekuwa kamili zingetoka kilo 10 za maji kwa saa. Haitakuwa kamili, tukipata 4 nitashukuru, na kilo 4 za maji kwa saa usiku kucha wakati wa masika ni dagaa ambazo zingetupwa au kuuzwa kwa bei ya chakula cha kuku.

Cha kuangalia ni tusipandishe joto la kondensa kwa tamaa. Kila nyuzi moja tunayoongeza kule juu inapunguza ufanisi kama asilimia 2 mpaka 3. Ukitaka hewa ya 50 utaipata, ila samaki ndani watalipia. Hewa ya 32 tunaipata bila kuongeza kitu, na dagaa ndo zinachotaka.

Juni. Bomba ziwani

Mvua zimekata, upepo wa kusini mashariki umeanza, ziwa limechafuka asubuhi na mchana. Sasa ni zamu ya ziwa lenyewe.

Watu wananiuliza kwanini tusifanye kama Toronto. Kule tangu 2004 wanavuta maji ya Ziwa Ontario kutoka mita 83 chini, yana nyuzi 4, wanapoza majengo ya katikati ya mji karibu bila kompresa. Ziwa letu nalo sehemu yenye kina kabisa ni mita 80 na kidogo, kina kinafanana. Lakini maji yanakuwa mazito zaidi yakiwa nyuzi 4, na kwao baridi ya kila mwaka inayapoza yale ya juu mpaka yanazama yakiwa hapo, yanabaki chini. Victoria haina baridi ya kulipoza, ukishuka mpaka chini kabisa bado unakutana na 23 au 24. Kwahiyo hakuna ubaridi wa bure wa kuvuta huku kwetu. Kilichopo ni maji mengi yenye 25 ambayo hayachoki, yanajichanganya yenyewe kwa upepo, na kilowati 7 zetu kwayo si kitu.

Tumezungumza na BMU, kikundi cha usimamizi wa mwalo, kwanza, tukaonyesha ni bomba lililofungwa pande zote, halichoti maji wala halimwagi kitu, na tukachagua sehemu ambayo wavuvi wenyewe walisema samaki hawazalii na mitumbwi haitupi nanga. Hili ni la majaribio. Mfumo wa kudumu tutaufuata kwa vibali vya bodi ya maji ya bonde kama sheria ya maji ya 2009 inavyotaka.

Bomba ni lilelile jeusi la milimita 32, roli mbili za mita 100, kila moja ni mzunguko wake. Tumezigawa mbili makusudi, ukiunga mita 200 mfululizo pampu inasukuma kwa nguvu nyingi, ukizigawa kila moja inapitisha lita 10 kwa dakika bila shida na pampu ya wati 90 inatosha. Nimeshasema huko juu kilichowapata wale wa Uingereza kwa pampu kubwa.

Kazi ya kulifunga ndo ilikuwa tamu. Bomba likikaa kwenye roli lake lilivyotoka dukani, mizunguko imegusana, maji ya katikati yanapata joto yanabaki humohumo. Tukaifungua juu ya fremu ya nondo, kati ya mzunguko na mzunguko tukafunga vipande vya bomba la zamani kwa kamba za nyavu, ile fundo ya wavuvi ambayo haifunguki hata ikilowa mwaka. Mvuvi mmoja kijana alifunga nyingi kuliko sisi wote tukijumlishwa. Mawe ya kuizamisha tuliokota palepale ufukweni. Likajazwa maji kwanza, maana bomba lenye hewa litaelea hata uliwekee jabali, likabebwa na mitumbwi miwili na kushushwa kwa kamba mpaka kina cha mita 4. Hakuna aliyeingia majini kwenye kina kifupi cha majani, kichocho kipo huku na hatutaki mtu aumwe kwa ajili ya COP.

Julai. Namba

Saa nane mchana, jua kali: maji ya ziwa kwenye kina cha bomba 25.5. Maji yanayoingia kwenye kondensa 27, yanatoka 32. Gesi inageuka kwenye 35, geji inasoma 220 badala ya 290. Kompresa imebadilika hata mlio, inasikika imetulia.

Mita ya chumba chote, pampu ikiwemo: zamani tulikuwa kwenye uniti 30 kwa siku, sasa tuko karibu 25. Kompresa peke yake imeshuka zaidi ya hapo, kama uniti 6 na nusu, ila pampu inakula moja na nusu. Kwa shilingi 356 kwa uniti hiyo ni kama 1,800 kwa siku, 54,000 kwa mwezi. Kwa kiwanda ni hela ya soda, kwa kikundi chetu ni mshahara wa kibarua wa siku kadhaa, na barafu ambayo haikununuliwa. COP kwa kuhesabu kila kitu imetoka 2.5 ikafika 3. Ukiitaja kwa kompresa tu ni 3.2, naandika zote mbili ili mtu asije akachukua ile inayopendeza akaacha nyingine.

Kumbuka pia Julai ni mwezi wetu mzuri, maji yamepoa na upepo unayachanganya. Februari na Machi ziwa likitulia na kupata joto la juu namba zitakuwa mbaya zaidi, kwahiyo hii bado sio SPF, ni kipande cha mwaka. Sitaandika wastani wa mwaka kabla mwaka haujaisha.

Agosti. Utelezi

Nilikuwa naangalia namba moja kila asubuhi, tofauti kati ya ziwa na wastani wa maji ya bomba. Tulipoanza ilikuwa nyuzi 4. Imepanda taratibu, sasa ni 5 na nusu, na ziwa halijabadilika. Tukainua fremu kwa kamba mpaka usawa wa mtumbwi, bomba zima limevaa utelezi wa kijani kama unene wa kucha, konokono wadogo wameshika kwenye mafundo, na kipande cha wavu uliokatika kimejizungusha pembeni. Plastiki yenyewe inapitisha joto kwa shida, ukiivalisha koti inakuwa shida mara mbili. Tumesugua kwa gunia la katani na glavu ndefu, tukarudisha, tofauti ikarudi 4 na kidogo. Kwahiyo usafi unaingia kwenye ratiba na kwenye gharama, na kila kamba ya kuinulia itakuwa na boya lenye rangi ili mtumbwi wa usiku usijipige.

Kinachofuata sasa ni kuunganisha ule upande wa dagaa kabla ya mvua za vuli. Vali ya njia tatu inakuja, siku ya mvua joto liende kwenye kasha la kukaushia la yule mama, siku ya jua liende ziwani. Kasha limeshachorwa, trei sita za wavu, feni chini, mlango wa bati, na mama ameshaurekebisha mchoro, amesema trei zangu zimebanana na dagaa za chini hazitapata upepo, kwahiyo zimebaki tano. Kondensa ya hewa ya zamani tunaitoa pale chini ya bati tunaihamishia upande wa ziwa isaidie usiku. Kisima cha mzee tumekirudishia mfuniko, sensa moja tumeiacha chini kwa ruhusa yake nione mwamba unachukua muda gani kurudi 25.4, mpaka juzi ulikuwa 25.6.